Kufuli la Nje

Ofisini walimwita Kalamu, naye hakulikataa jina. Katika idara nzima ya ustawi wa jamii hapakuwa na mwingine aliyeweza kuishika sentensi ya kiserikali iliyojipinda mara saba akainyoosha, hadi ikasomeka na mtu aliyeketi mlangoni kwake akichambua mchele. "Mpelekeeni Kalamu aitie chumvi," Mkurugenzi alikuwa akisema, na hati ikirudi kweli ilikuwa na ladha. Kwa hiyo serikali ilipoamua kuandika sera ya wazee, na sheria ya kwenda nayo, kazi ilimwangukia yeye. Hakuna aliyemuuliza kama na yeye ana mzee nyumbani.

Alikuwa naye. Mama yake alipika katika shule ya bweni tangu usichana hadi nywele zilipogeuka pamba. Alizoea sufuria ambazo mtoto mdogo angeweza kuogelea ndani yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kunyamazisha bwalo zima kwa neno moja. Alipostaafu alikuja kuishi na binti yake, katika nyumba ya vyumba viwili inayotazama barabara nyembamba, mkabala na kibanda cha fundi viatu. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kalamu alirudi kazini akakuta chakula tayari, nyumba imefagiwa, na mama amekwisha kugombana na muuza mkaa na kupatana naye tena.

Kisha mama akaanza kusahau. Kwanza majina, jambo ambalo halimtishi mtu. Halafu akasahau kwamba ameshakula. Halafu akasahau kwamba ile shule haikuwa kazi yake tena. Asubuhi alikuwa akijifunga kitambaa kichwani, akisimama katikati ya chumba akiwa na wasiwasi usoni.

"Kengele imelia, mwanangu. Watoto watakula nini?"

"Wameshakula, Mama. Keti."

"Wamekula nini? Nani kawapikia?"

Siku moja Kalamu alirudi akakuta gesi inapiga mluzi na mama anatafuta kiberiti. Akautoa mtungi siku ile ile, akampa jirani. Siku nyingine mama alitoka akaonekana karibu na soko, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, akimuuliza kila mpita njia barabara ya kwenda shuleni. Wasichana wa kumwangalia walikuja na kuondoka. Mmoja aliolewa. Mwingine alifunga virago akisema, "Dada, mimi niliajiriwa kufua na kupiga deki. Sikuajiriwa kupigwa mwiko."

Kaka yake Kalamu, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, alipiga simu kila Jumapili. "Vumilia, dada yangu. Mama asipelekwe popote. Sisi si watu wa kutupa wazazi." Kusema ni rahisi kwa aliye mbali na moshi.

Basi akanunua kufuli. Alilinunua katika duka lisilo la mtaa wake, akalitia kwenye mkoba haraka kama mtu aliyeiba. Kila asubuhi alimwekea mama chai kwenye chupa, mkate, maji, redio ikisema kwa sauti ya chini. "Narudi sasa hivi, Mama," alisema, kisha akaufunga mlango kwa nje, akilibana kufuli ndani ya kiganja ili lisilie. Fundi viatu alimsalimu kutoka kibandani, sindano mdomoni.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko na mtu."

Uongo ule aliusema mara nyingi hadi ukawa laini ulimini. Lakini tangu anapanda ngazi za wizara hadi anaposhuka, masikio yake yalikuwa barabarani. King'ora cha zimamoto kikipita barabarani, alisimamisha kalamu hadi ajue kinaelekea wapi.

Na huko kazini mambo yalikuwa yanachacha. Waziri alikuwa amerudi kutoka ziara ya mikoani, na kila alikopita watu walimpigia makofi sentensi moja tu kati ya zote alizosema: kwamba watoto wanaowaacha wazazi wao wazee peke yao wafungwe. "Wafungwe!" ukumbi uliitikia. Magazeti yakalipamba neno hilo. Mkurugenzi akaja mezani kwa Kalamu akisugua viganja.

"Waziri anakitaka kifungu hicho. Kitakuwa cha kumi na nne. Kiandike kwa lugha ya kumchoma mtu moyo."

Kalamu aliketi mbele ya karatasi mchana kutwa. Mwishoni akaandika sentensi ndefu, yenye "isipokuwa" na "kwa kadiri itakavyokuwa" nyingi, sentensi ambayo hakimu yeyote angepotelea humo asionekane tena. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kalamu, leo umekuwaje? Hii si yako. Haieleweki."

Akarudi nayo mezani. Akaandika upya, waziwazi: mtu yeyote mwenye mzazi mzee asiyejiweza, akimwacha peke yake bila mwangalizi, atakuwa ametenda kosa na atastahili kifungo. Mkurugenzi akatabasamu. "Sasa ndiyo chumvi hiyo."

Siku kamati ndogo ilipoketi kukipitia kifungu hicho, simu ya Kalamu ilianza kutetemeka juu ya meza. Akaikata. Ikatetemeka tena. Mwanasheria wa wizara, dada mwembamba asiyependa kukatizwa, alikuwa akieleza tofauti ya kumwacha mzee na kumtelekeza.

"Pokea tu," akasema hatimaye, "au uitupe dirishani."

Kalamu akatoka nje ya chumba. Aliyepiga alikuwa fundi viatu.

"Dada, njoo nyumbani. Nimevunja mlango wako. Mama yu hai, usiogope. Lakini njoo."

Baadaye hakukumbuka alivyofika. Alikumbuka tu kundi la watu barabarani, na jinsi walivyompisha njia bila mtu kumsalimu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha fundi viatu, mkono umefungwa kitambaa kibichi, uso umepakwa masizi. Alikuwa amevunja miguu ya kiti, akaipanga ndani ya beseni la bati katikati ya chumba, akaiwasha kwa kiberiti ambacho Mungu pekee ndiye aliyejua alikokificha. Juu yake aliweka ndoo ya maji. Pazia lilishika moto, kisha godoro.

"Nilisikia anagonga mlango," fundi viatu akasema. Hakuwa na sindano mdomoni leo, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Si leo tu. Kila siku nasikia kugonga. Nilidhani anatwanga kitu. Uliniambia yuko na mtu!"

Kalamu alipiga magoti mbele ya mama akaushika ule mkono.

"Umechelewa," mama akamwambia, akimtazama kama anavyotazamwa mpishi msaidizi mvivu. "Maji yalikuwa karibu kuchemka."

Kiongozi wa mtaa alifika akiwa na kofia yake ya mikutano. Alikuwa mtu mzito, asiye na ubaya, mwenye kupenda kusikika. Alilitazama kufuli lililovunjika, akalipima kiganjani.

"Dada, mimi nakuheshimu. Lakini jambo hili nitawaandikia wakubwa. Sijui kama umesikia redioni, kuna sheria inakuja. Mtu akimfungia mzazi wake, anakwenda ndani. Na mimi naiunga mkono. Imeandikwa vizuri sana, hata mtoto anaielewa."

"Nimeisikia," Kalamu akasema.

Kwa siku zilizofuata hakuwa na pa kumweka mama ila kando yake. Nyumba ilinuka moshi, mlango ulifungwa kwa kamba. Akamleta kazini, akamketisha kwenye chumba cha mapokezi kwa kisingizio kwamba wanakwenda hospitali baadaye. Kila mlango ukifunguliwa aligeuka kutazama. Je, barua ya kiongozi wa mtaa ingefika leo? Ingepita mikononi mwa nani? Pale wizarani malalamiko yote ya wazee yaliishia idara yake mwenyewe. Huenda ingeletwa mezani kwake aijibu. Kazi yake ingekwenda, na ikienda kazi, mama angekula nini? Mchana mama alimsimamisha Mkurugenzi ukumbini akamkagua kucha, akamwambia akanawe mikono kabla ya kuingia bwaloni. Mkurugenzi akacheka kwa adabu, akanawa kweli. Kalamu alicheka pia, jicho likiwa mlangoni.

Ndipo ikaja siku ya kupokea maoni ya wananchi, katika ukumbi mkubwa wa mji, na Kalamu alipangiwa kusoma rasimu mbele ya watu. Fundi viatu alifunga kibanda akaja naye. Alikuwa bado hajamsamehe sawasawa, lakini alisema, "Mimi nitakaa na Mama. Wewe soma." Wakaketi safu ya nyuma, karibu na mlango, na Kalamu akapanda jukwaani.

Ukumbi ulijaa. Wazee wenye fimbo mbele, watoto wao wa makamo nyuma, waandishi wa habari ukutani. Alisoma vifungu vya kwanza, vya dawa na ngazi za majengo na viti vya kupumzikia vituoni, na kila aliponyanyua macho aliwatafuta wale wawili mwisho wa ukumbi. Wapo. Akasoma. Wapo. Akafika kifungu cha kumi na nne, na watu wakakaa vizuri kwenye viti, maana hiki ndicho walichokijia.

"Mtu yeyote mwenye mzazi mzee asiyejiweza," akasoma, akanyanyua macho.

Fundi viatu alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango ule ilipita barabara kuu ya malori.

"Akimwacha peke yake..." sauti ilikatika. Watu walidhani ameguswa, wakaanza kupiga makofi. Chini ya makofi hayo Kalamu aliweka karatasi juu ya meza, akashuka jukwaani, akatembea, kisha akakimbia.

Barabarani hakuwapo. Alimuuliza muuza magazeti, akamuuliza mlinzi. Lori lilipiga honi akaruka kando. Alikwenda kushoto, akarudi, akaenda kulia, akiita, "Mama! Mama!" na wanawake wengi waligeuka, kwa kuwa neno hilo ni la kila mwanamke mtu mzima, lakini aliyemtaka hakugeuka. Akamwona, akilini tu, chini ya magurudumu. Akamwona kituo cha polisi. Akajiona yeye mwenyewe akisomewa kifungu chake, neno kwa neno, na kukielewa vizuri mno.

Alipoisikia sauti yake, ilikuwa inatoka nyuma ya ukumbi.

"Wewe! Funika hiyo! Mvuke ndio unaopika, si macho yako!"

Katika jiko la ukumbi wanawake waliokodiwa kuwapikia wageni chai walikuwa wamemzunguka mama. Mkono uliofungwa bandeji ameuinua juu, ule mzima umeshika mwiko, jasho linamtiririka, na kitambaa kimemkaa kichwani kama zamani. Hakuwa na wasiwasi usoni hata chembe. Mama mmoja aliyekuwa akipanga vikombe akamgeukia Kalamu.

"Ni wako? Mwache kidogo. Hapa tuko wengi, hatamwagikiwa na kitu. Katufokea sote, hata mimi niliye mkubwa wa kazi."

Kalamu alijishikiza mlangoni. Alilia bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyosema. Hapo ndipo Mkurugenzi alipomkuta, akihema, tai imekwenda begani.

"Umeniacha na ukumbi mzima! Waandishi wananiuliza kuna nini! Mama yako kapotea? Si ungemwacha nyumbani?"

"Nyumbani na nani?"

"Na... si una mtu?"

"Sina mtu. Nilikuwa namfungia kwa kufuli. Nyumba nusura iungue naye ndani."

Mkurugenzi alimtazama yule mzee wa kukagua kucha, akazitazama kucha zake mwenyewe.

"Na kifungu umekiandika wewe," akasema polepole.

"Ulisema nikiandike kwa lugha ya kumchoma mtu moyo. Kilinichoma."

Mkurugenzi hakumkumbatia wala hakumfukuza. Alikuwa mtu wa ofisi, na ukumbi ulikuwa unamngoja. "Rudi ukamalize kusoma," akasema. "Ukisema lolote nje ya karatasi, mimi sikukutuma."

Akarudi. Fundi viatu, aliyekuwa ameamshwa na zogo, alitumwa jikoni na safari hii alisimama wima kama askari. Kalamu alikisoma kifungu hadi mwisho, na makofi yakapigwa. Akangoja yaishe.

"Sheria hii inaniambia nisimwache mama yangu peke yake," akasema. "Mimi ndiye niliyeiandika, na haijaniambia nimwache wapi nikienda kazini. Nilikuwa namfungia ndani. Juzi nyumba ilishika moto."

Kisha sauti kutoka katikati: "Basi huyo huyo aanze yeye! Afungwe!" Wengine wakaitikia, na minong'ono ikapanda kama nyuki waliochokozwa. Mwanaume mmoja aliyevaa sare ya udereva akasimama. Alikuwa ameshika funguo, akizitazama.

"Baba yangu yuko ndani sasa hivi," akasema. "Nimemfungia. Nimekuja hapa kupiga makofi." Akaketi ghafla, kama aliyekatwa miguu.

Bibi mmoja wa safu ya mbele hakungoja kipaza sauti. "Mimi mwanangu hunifungia," akasema. "Sipendi. Lakini mkimfunga yeye, nani atanifungulia mimi?"

Mkutano haukurudi tena kwenye mstari. Watu walizungumza hadi chai ikapoa, wengine wakilaumiana, wengine wakilia, na mwandishi wa kumbukumbu alikufa ganzi mkono.

Yaliyofuata hayakuwa ya kushangilia. Kalamu alipewa karipio la maandishi kwa kuacha jukwaa, na gazeti moja lilimwita binti wa kufuli. Kiongozi wa mtaa alikuja nyumbani, kofia mkononi, akasema barua yake bado hajaituma na hajui aifanyeje. Kaka alikuja kwa hasira ya kusoma jina la familia gazetini, akakaa na mama wiki moja Kalamu akienda kazini. Siku ya kuondoka alikuwa na uvimbe wa mwiko kwenye paji la uso na macho mekundu. "Sikujua, dada yangu," akasema, na tangu hapo hakusema tena habari ya kutupa wazazi. Mke wa fundi viatu alikubali kukaa na mama asubuhi. Mchana ilikuwa bahati nasibu.

Kifungu cha kumi na nne hakikufutwa. Waziri alishakiahidi. Lakini Kalamu na Mwanasheria waliketi pamoja, na mbele yake wakapachika kingine: kila halmashauri itafungua nyumba ambamo wazee watashinda mchana wakiangaliwa, na adhabu haitatumika mahali popote ambapo nyumba hiyo haijafunguliwa. Mkurugenzi alikisoma akiwa amesimama. Alikaa nacho muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakitia sahihi. "Hiki kinaeleweka," akasema tu.

Bungeni kilipita kikiwa kimepunguzwa nguvu. Nyumba zilikuja polepole mno, mji huu ndiyo, ule bado. Ya mtaani kwao ilifunguliwa katika jengo la zamani la posta, chini ya muuguzi mstaafu mwenye sauti kubwa karibu kuliko ya mama. Kufikia hapo mama hakumjua tena binti yake kwa jina. Asubuhi ya kwanza Kalamu alisimama uani muda mrefu, akichungulia dirishani: je, jiko lao liko wapi? Je, lango lao linafungwa? Muuguzi akamfuata.

"Dada, nenda kazini. Ukikaa hapo nitakuandikisha na wewe."

Akaenda, na kazini hakuandika kitu cha maana. Alasiri kikao kilirefuka. Alipotoka alikimbia njia nzima, akijisemea kwamba amechelewa na kwamba lolote laweza kuwa limetokea. Wazee wengine walikuwa wameshachukuliwa. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi peke yake na muuguzi, mfuko wake mapajani, viatu vyote viwili miguuni.

"Wenzangu wote wamefuatwa," mama akamwambia, mdomo umebetuka. "Kwa nini wangu ndiye huja wa mwisho?"

"Nisamehe," Kalamu akasema, bado akihema. "Kesho nitawahi."

Mama alimtazama kwa makini, kama anayepima iwapo huyu ni mtu wa kuaminika. Kisha akampa mfuko ambebee, wakaanza kutembea.